Waya wa Kijani na Manjano

Jumanne, 13 Mei

Somo la umeme tena asubuhi. Mwalimu Mwakio aliingia, akaweka mkoba wake mweusi mezani, akafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. Hakutusalimu. Nasi hatukumsalimu.

Sisi si wanafunzi wa umeme. Mimi nasomea mabomba. Karisa, binamu yangu, anasomea kuchomelea vyuma. Waliobaki ni makanika na watu wa ujenzi. Lakini chuo kinasema kila fundi lazima ajue umeme kidogo, na asiyefaulu umeme hapati cheti, hata awe bingwa kwenye kazi yake. Mwalimu huyu ni mgeni. Huja Jumanne na Alhamisi tu, kisha hatumwoni. Waliotutangulia wanasema somo hili ni mtego wa kupunguzia watu. Naamini.

Jaribio limerudishwa. Nimeanguka. Tuliulizwa mkondo huenda wapi baada ya kufika kwenye taa. Niliandika kuwa unaishia pale, kama maji yanavyoishia kwenye ndoo. Chini yake ameandika kwa wino mwekundu: "Ndoo ikijaa je?" Basi. Hakuna sahihisho. Mtu anayekujibu kwa swali anaficha kitu.

Rama wa makanika alimwambia, "Mwalimu, sisi watu wa spana. Huo umeme tutauona wapi?"

"Hutauona," akasema. "Wenyewe ndio utakaokuona."

Darasa zima likacheka isipokuwa yeye.

Mimi sikusema neno. Sijasema neno darasani humo tangu tuanze.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua tangu alfajiri. Njia ya kutoka Magongo imekuwa tope tupu. Nimefika chuoni na viatu mkononi.

Baada ya masomo nilimngoja Karisa. Ilikuwa zamu yake kufagia banda la wachomeleaji. Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyookota vipande vya vijiti vya kuchomelea, hata vile vifupi, na kuviweka kwenye kopo. Fundi Charo, mwalimu wao, humsifu kwa hilo. Humwita "mkono wangu wa kulia". Karisa hujifanya hasikii, halafu hutabasamu mpaka nyumbani.

Tulipotoka nilimwona Mwalimu Mwakio nyuma ya banda. Amechutama kwenye mvua, mkoba begani. Mkononi ana kitu kama koleo. Alituona. Hakupunga mkono. Alingoja tupite.

Nikamuuliza Karisa mwalimu wa umeme anatafuta nini nyuma ya banda la wachomeleaji. Akasema, "Pengine anatafuta adabu yake." Nilicheka. Lakini nimekaa nikifikiria.

Ijumaa, 16 Mei

Siku mbaya.

Waya umekatwa. Ule mnene wa kijani na manjano, unaotoka kwenye meza ya chuma ya banda, ile iliyofungwa mashine ya kusagia, hadi kwenye sanduku kuu la umeme, ukuta wa nyuma kwa nje. Haupo. Umebaki mkia tu kwenye sanduku. Chini kulikuwa na vipande vya plastiki iliyoungua.

Hapa Changamwe hakuna asiyejua maana yake. Waya ukichomwa, plastiki huisha, shaba hubaki, shaba huuzwa. Mlinzi wa lango aliulizwa nani alitoka banda mwisho. Akasema Karisa. Kisha mtu akakumbusha kwamba baba yake mdogo Karisa hununua vyuma chakavu pale Magongo. Ikawa kama kesi imekwisha.

Bi. Saumu, naibu mkuu wa chuo, amemsimamisha masomo. Kamati itakaa Jumatano ya tarehe 28. Akionekana na hatia anafukuzwa, na akifukuzwa kwa wizi hakuna chuo kingine kitakachompokea. Ametoka langoni amebeba ovaroli yake kwapani. Mlinzi alimwambia ageuze mifuko. Mbele ya watu wote.

Fundi Charo alikuwapo. Hakusema neno. Mkono wake wa kulia unakatwa na yeye anatazama viatu vyake. Nimeliona hilo na sitalisahau.

Na mimi? Nilijua nani alikuwa nyuma ya banda. Nilifungua mdomo, haikutoka sauti. Nilikuwa nyuma ya watu, nimeshika kipande cha bomba kama mjinga. Najichukia.

Jumamosi, 17 Mei

Karisa anasema hakuchukua. Amesema mara moja tu.

Shangazi amerudi kutoka kwenye ghala la majani chai, bado ana vumbi la chai kwenye nyusi. Aliposikia alisema, "Mtoto wangu si mwizi." Kisha akaenda kupekua mkoba wa Karisa. Karisa alikuwa amekaa palepale akimtazama mama yake akitoa daftari moja moja, soksi, kopo la mafuta. Hakupata kitu. Alivirudisha vyote vizuri kuliko vilivyokuwa, akaingia jikoni.

Mimi nimefanya vibaya zaidi. Karisa alipokwenda kuoga, nilichungulia chini ya kitanda chake.

Hakukuwa na kitu. Kama kungekuwa na kitu ningefanya nini? Sijui. Tumelelewa pamoja tangu baba yangu afariki. Na bado nilichungulia.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani watu walimsalimia Shangazi kwa sauti ya msibani. Ina maana wamesikia. Aliitikia kila mmoja. Karisa hakuja.

Jumanne, 20 Mei

Nimeuona waya.

Mwalimu Mwakio aliita majina. Alipofika kwa Karisa akauliza yuko wapi. Akauliza tena. Rama akasema, "Mgonjwa, mwalimu." Hakuna aliyepinga. Hakuna anayemwambia chochote mtu yule. Ndivyo tulivyokubaliana bila kukubaliana, kwamba mambo yetu ya mabandani hayamhusu mgeni wa siku mbili. Nikafikiri, anajifanya hajui. Anauliza mbele za watu ili aonekane hajui.

Kisha akafungua mkoba kutoa mita. Mimi hukaa mbele, pembeni, kwa sababu hakuna anayependa kukaa hapo. Ndani ya mkoba, chini ya mita, kulikuwa na waya uliokunjwa. Kijani na manjano. Umeungua ukawa mweusi kwa urefu wake, na kwenye ncha iliyokatwa shaba inang'aa. Akaniona ninaangalia. Akafunga mkoba.

Sikusikia nusu ya somo. Alituonyesha mita yenye mdomo kama gando la kaa. Gando linauzunguka waya bila kuukata wala kuugusa, na mita inakwambia mkondo uliomo. Akasema waya wa ardhi, yaani ule wa kijani na manjano, katika jengo lisilo na kasoro usiwe na mkondo. Kazi yake ni kungoja ajali. Ukiukuta una mkondo, kuna mtu ameupa kazi isiyo yake.

Anausema waya wa kijani na manjano kwa mdomo mkavu kabisa. Na mwenzake amelala mkobani.

Halafu akasema jambo ambalo nimeliandika kwa sababu lilinikera: "Kila waya ushukuni mpaka muupime. Baada ya kuupima acheni kuushuku." Nikasema moyoni, wewe nitakupima.

Jumatano, 21 Mei

Nimemwambia Karisa nilichokiona. Nilidhani atasimama, atapiga ukuta, kitu kama hicho. Aliendelea kumenya muhogo.

"Neno lako na la mwalimu, Sidi? Wewe ambaye ukiitwa jina unajificha nyuma ya dawati?"

Kweli. Inauma lakini ni kweli.

Chuoni, Bi. Mwanaisha wa kantini aliniita. "Njoo hapa, mtoto wa mabomba. Mfereji wenu wanitekenya." Nikamwamkia kwanza, shikamoo. Akaitikia marahaba, akaendelea papo hapo. Anasema akishika mfereji na mikono imelowa unamfanya kama mdudu anamtembea. "Mumetia nini humo, upupu? Wallahi nimeosha sahani hapa miaka na miaka, haujanifanyia hivi."

Mfereji ule tuliufunga sisi wanafunzi wa mabomba, kama kazi ya vitendo. Kantini imejengwa ubavuni mwa banda la wachomeleaji, mabati yanagusana, na bomba ni moja. Linapita ukutani mwa banda ndani, linatokea kantini. Chuma mwanzo hadi mwisho. Nilikagua viungo vyote. Hakuna kinachovuja. Nikashika mfereji, haukunifanya kitu. Nikamwambia mfereji ni mzima.

"Basi wanipenda mimi peke yangu," akasema.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemvizia.

Nilijificha kwenye stoo ya mabomba. Ina dirisha dogo linaloangalia nyuma ya banda. Nilijiambia, akikata waya mwingine nitapiga kelele. Nilifanya mazoezi ya kupiga kelele kimoyomoyo. Aibu.

Alikuja baada ya kipindi. Hakukata kitu. Alitoa ile mita ya gando, akalizungushia gando bomba la maji, pale linapoingia bandani. Bomba la maji! Ndani ya banda walikuwa wanachomelea, cheche zinasikika. Kila cheche zilipolia, mwalimu aliinamia mita. Ziliponyamaza, alinyanyuka. Zikilia tena, anainama. Nikafikiri, anachagua cha kuiba sasa. Lakini nani anaiba bomba lililojaa maji?

Kisha Fundi Charo akatokea. Walisimama karibu na dirisha langu. Niliziba pumzi.

"Charo, nilikupa wiki nzima."

"Nisitiri kidogo, ndugu yangu. Kuomba waya mpya ni kuulizwa wa zamani umekwendaje."

"Hawa ni watoto wa watu."

"Nisitiri tu."

Mwalimu alitikisa kichwa akaondoka. Charo alibaki ameshika mabati, kama mtu anayezuia nyumba isianguke.

Kwa hiyo ni wawili. Wanajuana. Mmoja anakata, mwingine anamfunika, na Karisa anabeba.  Fundi Charo amekula kwetu Krismasi. Alimsifu Shangazi kwa pilau.

Ijumaa, 23 Mei

Sikulala vizuri. Nimeingia banda la wachomeleaji kwa kisingizio cha kuazima tupa. Nilitaka kuona kilichobaki cha kuibwa.

Mashine ya kuchomelea ina nyaya mbili. Mmoja unakwenda kwenye kijiti kinachotoa cheche. Wa pili una kibano, na kibano kinatakiwa kubana kile chuma unachokichomelea. Hapa hawafanyi hivyo. Waya wa kibano ulikatika zamani ukabaki mfupi, haufiki mezani. Wanakibana kwenye bomba la maji ukutani na kukiacha hapohapo, mwaka hadi mwaka. Fundi Charo hufundisha hivyo. "Chuma chote ni kimoja," husema. Kila mwanafunzi wake analijua neno hilo. Hata Karisa hulisema nyumbani akishika sufuria. Na kweli, cheche zinatoka kama kawaida. Nani angelalamika?

Nilipotoka niliosha mikono kantini. Mfereji ukanitekenya.

Niliruka. Kisha nikashika tena, pole pole, kwa mgongo wa kidole. Ukanitekenya. Baadaye wachomeleaji wakaja kunywa chai. Nikashika. Kimya. Waliporudi kazini nikashika. Unatekenya. Walipokwenda kula mchana, kimya. Kumbe Jumatano niliukagua wakati wamepumzika.

Bi. Mwanaisha alikuwa ananitazama. "Sidi, watawadha nawe? Mbona hivi, umesilimu hatujaambiwa?"

Nikamwomba asiushike mfereji kwa mikono iliyolowa. Achote maji kwa kata kwenye pipa. Akaniuliza kwa nini.  Nilisema tu, "Tafadhali, Bi. Mwanaisha." Akanitazama usoni, akakubali bila mzaha.

Jumapili, 25 Mei

Nadhani nimeelewa. Limenijia kanisani, mahubiri yanaendelea. Mungu anisamehe.

Ndoo ikijaa je?

Maji ya mfereji hayarudi. Ukifungua yanamwagika, kazi imekwisha. Sisi watu wa mabomba tunafikiri hivyo kuhusu kila kitu. Umeme hauishii ndooni. Lazima urudi ulikotoka, na usipopewa njia ya kurudi, hautoki kabisa. Kwa hiyo cheche zikitoka, kuna njia. Ipi?

Unatoka kwenye mashine, kwenye kijiti, kwenye chuma, kwenye meza. Kibano hakiko mezani. Kiko kwenye bomba, ukutani, mbali. Kitu gani kinaunganisha meza na bomba? Waya wa kijani na manjano. Ulitoka mezani kwenda kwenye sanduku kuu, na kwenye sanduku kuna waya mwingine uliofungwa kwenye bomba. Nimeuona, nimewahi kuambiwa nisiuguse. Mkondo wote wa kuchomelea umekuwa ukirudi kwa njia hiyo. Waya wa kungojea ajali umefanywa punda. Umeungua wenyewe, kutoka ndani.

Na ulipoondolewa, mkondo umetafuta njia nyingine. Mabati yanayogusa meza. Kantini. Mfereji. Mikono ya Bi. Mwanaisha.

Halafu kuna lile nililoliona kwa macho yangu na nisilione. Mwizi huchoma waya ili atupe plastiki achukue shaba. Waya wa mkobani ulikuwa na shaba yake yote. Mwizi gani anaiacha?

Basi si mwizi. Lakini aliukata. Karisa amekaa nyumbani siku zote hizi anamenya mihogo, na mtu aliyeukata amenyamaza. Simwamini bado. Sijui nimwamini nani.

Jumanne, 27 Mei

Nimezungumza darasani.

Aliuliza kama kuna swali, huku anafuta ubao, kwa sababu hakuna anayeuliza kamwe. Nikasimama.  Nikasema, "Mwalimu, mtu akibana kibano kwenye bomba badala ya kwenye chuma anachochomelea, mkondo unarudi kwa njia gani?"

Rama akasema, "Lo, kumbe ana sauti." Wengine wakacheka. Wachomeleaji hawakucheka.

Mwalimu aligeuka pole pole. Uso wake ulikuwa mkali. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Charo amekutuma?"

Nikashangaa. Na yeye alikuwa ananishuku mimi.

Aliwatoa wengine, akanibakiza, mlango wazi. Akauliza nimejuaje. Nikamweleza mfereji, chai, mchana, yote, nikitazama sakafu. Kisha nikasema lile jingine. Kwamba Karisa si mgonjwa. Karisa amesimamishwa kwa wizi wa waya ulioko mkobani mwake, na kesho ni kamati.

Akakaa kwenye dawati la mwanafunzi. Akautazama mkoba wake. Kisha, "Hakuna aliyeniambia."

Kweli. Hakuna aliyemwambia. Darasa zima tulijua na tukamwambia mgonjwa. Charo pia alijua na hakumwambia.

Akanieleza. Ile Alhamisi ya mvua alisikia harufu ya plastiki, akafuata, akaukuta waya umeungua. Akaukata ili usije ukawasha moto. Akamwonyesha Charo jioni ileile, akamwambia arefushe waya wa kibano, abane palipo kazi, aombe waya mpya wa ardhi. Charo akamwomba amsitiri, asimwaibishe mbele ya wanafunzi aliowafundisha miaka yote. Mwalimu akamwahidi kumsitiri kwa wiki moja.

Nikamuuliza kama kesho atakuja, maana si siku yake. Akasema atakuja. Akasema atampa Charo nafasi ya kusema mwenyewe kwanza.

Hilo la nafasi silipendi. Charo ameshapewa wiki.

Jumatano, 28 Mei

Nitaandika yote kabla sijasahau.

Chumba cha Bi. Saumu. Yeye, walimu wawili, Fundi Charo, Mwalimu Mwakio karibu na mlango. Karisa amevaa shati lake la kanisani. Shangazi ameomba ruhusa kazini, amekaa wima kama yuko kwenye kiti cha mtu mwingine. Mimi niliitwa kwa sababu nilikuwa na Karisa jioni ile.

Bi. Saumu aliniita jina. Nikasema, "Abee." Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. Akaniuliza niliona nini. Nikasema tulimwacha Mwalimu Mwakio nyuma ya banda na kwamba baadaye niliuona waya mkobani mwake. Shangazi alinigeukia. Sikuwa nimemwambia.

Mwalimu Mwakio alikuja mezani, akafungua mkoba, akauweka waya. "Niliukata mimi." Hakuongeza. Akamtazama Fundi Charo.

Sote tukamtazama Fundi Charo. Alikuwa anatazama viatu vyake tena. Nilihesabu mikunjo ya waya ule ili nisilie. Bi. Saumu akauliza, "Umeukata kwa nini, mwalimu?" na mwalimu akawa bado anangoja. Karisa naye akamtazama mwalimu wake wa uchomeleaji kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamngojea.

Sikuweza kungoja. Nikasema, "Bi. Saumu, naomba twende kantini."

Nilidhani atanifokea. Akavaa miwani yake, akainuka.

Tukatoka wote, mstari mmoja, kama wanaokwenda kuaga maiti. Banda lilikuwa likifanya kazi. Bi. Mwanaisha akafuta mikono kwa leso akasogea. Mwalimu Mwakio alipima kwanza, akasema nguvu ya umeme ni ndogo leo, itatekenya tu. Nikamwomba Bi. Saumu aloweshe vidole. Akavilowesha. Akashika mfereji. Akautoa mkono haraka, akautazama kama si wake.

"Ndio huo," Bi. Mwanaisha akasema. "Mimi naambiwa naota."

Nikaanza kueleza. Kijiti, meza, waya, bomba. Nilichanganya maneno. Nilisema maji pale nilipotaka kusema mkondo, nikarudi nyuma, nikaanza upya. Nilipofika kwenye kibano, nikanyamaza, kwa sababu kutaja kibano ni kumtaja Fundi Charo, na yeye yuko nyuma yangu, na ni mtu mzima, na amekula kwetu.

Akapita ubavuni kwangu. Hakuniangalia. Akaingia bandani. Kupitia mlango tulimwona akiwasimamisha wanafunzi wake, akienda ukutani, akikitoa kibano kwenye bomba. Kilikuwa kimeshika kutu, alikivuta kwa mikono miwili. Akaivuta mashine yenyewe, ile nzito, mpaka karibu na meza, waya mfupi ukafika. Akabana kibano kwenye chuma kilekile kilichokuwa kinachomelewa. Akamwambia mwanafunzi, "Choma."

Cheche zikalia.

Bi. Saumu akashika mfereji. Akaushika muda mrefu. Akalowesha mkono mwingine, akashika tena.

Fundi Charo alirudi akasimama mbele ya Karisa, si mbele ya Bi. Saumu. Akasema, "Nilijua tangu jioni ile. Nilijua si wewe, nikanyamaza." Karisa akasema, "Ndiyo, mwalimu." Hivyo tu. Ndivyo alivyozoea kumjibu.

Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa leso yake. 

Alhamisi, 29 Mei

Umeme. Mwalimu Mwakio aliingia, akasema, "Hamjambo." Tukababaika. Rama ndiye aliyeitikia, "Hatujambo, mwalimu, na wewe je?" na kwa mara ya kwanza nimeyaona meno ya mtu yule.

Alitupeleka bandani. Kila mtu, mabomba, makanika, ujenzi, alipewa gando apime waya wa kijani na manjano mpya. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Rama alisema ni somo la kwanza la umeme analolipata lote. Fundi Charo alisimama nyuma na wanafunzi wake. Zamu yake ilipofika, akapima naye.

Ijumaa, 30 Mei

Fundi Charo alikuja nyumbani jana jioni kumwona Shangazi. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni. Shangazi alimletea chai. Hakumwambia abaki chakula. Sijawahi kumwona akimwachilia mgeni bila kumwambia hivyo.

Karisa amerudi darasani. Fundi alimwita mkono wake wa kulia mbele ya watu. Karisa akaenda kuchukua ufagio.

Jana mwalimu aliniacha niandike jaribio upya, akasahihisha papo hapo. Swali lilelile. Nilijibu kwamba ndoo haipo. Nimefaulu, si sana.

Kabla ya kuondoka nilishika mfereji wa kantini kwa mgongo wa kidole, huku wakichomelea. Kimya. Nikashika mara nyingine. Bi. Mwanaisha akaniuliza kama bado naushuku. Nikasema nimeshaupima. Nikaushika tena.

Langoni, mlinzi alikuwa anaongea na mtu, hakuwa anatuangalia. Karisa alisimama, akageuza mifuko yake nje, yote miwili. Hakuambiwa. Mlinzi akageuka, akaona, akatazama pembeni.

Tulitembea hadi Magongo. Sikumwambia airudishe ndani.